Nani Alihesabu Waliokufa?

Tanzania ya leo ina hoja moja ambayo karibu haina mpinzani. Utaisikia kijiweni, ndani ya daladala, kwenye kumbi za vyuo vikuu, na siku hizi hata kwa majirani zetu wa Kenya wanaoitamka kwa kutuonea kijicho. Inasema kwamba mwaka 2020 dunia ilipovamiwa na korona, mataifa yalijifungia ndani kwa hofu, uchumi wao ukaporomoka, watu wakapigwa virungu na watoto wakakosa shule. Tanzania ya Rais John Magufuli ikakataa kutishwa. Ikaacha masoko wazi, ikasali, ikajifukiza, na mwisho wa yote hatukufa kama tulivyotabiriwa. Kwa hiyo yeye alikuwa sahihi, na wataalamu walikosea.

Naandika kuipinga hoja hiyo. Kwanza lakini nitaipa haki yake, kwa sababu wanaoishikilia si wajinga na wana mambo ya kweli ya kusema.

Mama lishe wa Tandale, kibarua wa Kariakoo na kijana wa bodaboda hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Wakikaa ndani siku tatu, watoto wanalala njaa. Familia inayoishi chumba kimoja na kuchangia choo na wapangaji wengine sita haiwezi kuambiwa ijitenge, maana hakuna pa kujitengea. Wananchi wetu wengi ni vijana, na ugonjwa huu uliwaua zaidi wazee. Walioamua kufunga nao walifanya mambo ya kutisha. Kafyu ya Kenya ilianza tarehe 27 Machi 2020 kwa polisi kuwarushia mabomu ya machozi na kuwapiga watu waliokuwa wakisubiri feri Likoni. Siku tatu baadaye, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi, akafa. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi tarehe 10 Januari 2022. Wasichana wangapi walipata mimba au kuozwa katika kipindi hicho, wazazi wa Uganda wanajua. Na kwa mwaka huo wa 2020, uchumi wa Kenya ulisinyaa kwa asilimia 0.3, wakati takwimu rasmi za Tanzania zinaonyesha kwamba wetu ulikua kwa asilimia 4.8.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni jinsi hoja hii inavyofunga kifurushi kimoja chenye maamuzi mawili tofauti kabisa. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutowafungia watu ndani. Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha kuhesabu wagonjwa na waliokufa, na kuwazuia wengine wasiseme. Wa kwanza unaweza kutetewa, na mimi mwenyewe naweza kuutetea. Wa pili hauna utetezi. Kwa miaka yote hii umekuwa ukisamehewa kwa sababu tu ulitangazwa na mtu yule yule, katika miezi ile ile.

1. "Hatukufa wengi"

Hii ndiyo nguzo ya hoja nzima, na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Tarehe 29 Aprili 2020 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Tanzania ina wagonjwa 480 na vifo 16. Zanzibar ilitoa tarakimu zake mara ya mwisho siku chache baadaye. Kisha kimya. Katika orodha za Shirika la Afya Duniani, Tanzania ilibaki na wagonjwa 509 na vifo 21 kwa zaidi ya mwaka mzima, kana kwamba virusi vilifika, vikaua watu 21, vikaondoka. Mwenye duka aliyeacha kuandika daftari mwezi wa nne hawezi kufika Desemba akatangaza kwamba hakupata hasara. Anaweza kusema hajui, basi. Sisi tulipaswa kusema hatujui. Badala yake tumesema hatukufa.

Watetezi watakumbusha sababu iliyotolewa. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikatoka na majibu ya kuwa na korona. Mkuu wa Maabara ya Taifa akasimamishwa kazi. Tuchukulie kwamba kila neno la maelezo hayo lilikuwa sahihi. Maabara inayotoa majibu mabovu hurekebishwa: vitendanishi vinakaguliwa, sampuli zinarudiwa, majibu yanapelekwa kuthibitishwa kwenye maabara nyingine. Hakuna mahali duniani ambapo tiba ya kipimo kibovu ni kuacha kuwaambia wananchi matokeo. Na kipimo hicho hakikuachwa. Msafiri aliyehitaji cheti cha kupandia ndege aliendelea kupimwa na maabara ya serikali, kwa malipo, na cheti chake kikatumika viwanja vya ndege vya nje. Kwa hiyo majibu yaliaminika vya kutosha kuuzwa kwa abiria, ila hayakuaminika vya kutosha kutangazwa kwa mkulima wa Kilosa.

Wengine husema: kama watu wangekufa kwa wingi tungewaona. Tungewaona wapi? Vifo vingi Tanzania hutokea nyumbani, na vingi havisajiliwi. Huko Zambia, jirani yetu wa kusini, watafiti walipima maiti zilizofika mochwari ya hospitali kuu ya chuo kikuu Lusaka katikati ya mwaka 2020. Kati ya maiti 364, 58 walikutwa na virusi, na wengi wao hawakuwahi kupimwa wakiwa hai. Familia zao zilizika zikijua marehemu alikuwa na kifua, au presha, au uzee. Hakuna aliyeona wimbi, kwa sababu kila nyumba iliona msiba wake peke yake.

Sisi tuna dalili ya aina hiyo hiyo, nayo ilitolewa na watu wasio na sababu ya kuzusha. Mapema Machi 2021, katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alisema kwamba katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, wakiwa na matatizo ya kupumua. Kwa nini tunaijua idadi ya mapadre na masista? Kwa sababu Kanisa lina orodha. Kila padre ana jimbo, kila sista ana shirika, na mmoja akifa jina lake linasomwa. Machinga hana orodha, wala bibi wa kijijini Rombo. Ikiwa kundi dogo linalotunza kumbukumbu zake lilipoteza watu wengi hivyo kwa miezi miwili, anayesema kwamba makundi yasiyo na kumbukumbu hayakupoteza mtu anasema jambo asiloweza kulijua.

Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Chama chake kilikuwa na ujasiri wa kutangaza mapema kwamba anaugua korona. Siku hiyo hiyo akafariki Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Taifa likaomboleza viongozi wawili kwa mpigo, na hakuna aliyesimama kutuambia ni wagonjwa wangapi waliolazwa nchini wiki hiyo.

2. "Hatukufunga, na njia nyingine ilikuwa ya Kenya tu"

Tulifunga. Shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi 2020, vyuo siku moja baadaye, na shule hazikufunguliwa zote hadi tarehe 29 Juni. Ligi Kuu ilisimama. Mikusanyiko ilipigwa marufuku, isipokuwa ibada. Wasafiri walioingia nchini mwishoni mwa Machi waliwekwa karantini ya siku 14 kwa gharama zao. Anayesimulia kwamba Tanzania haikugusa kitu amesahau miezi mitatu ambayo watoto wake walikuwa nyumbani.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba asiyefunga hana budi kunyamaza, na anayehesabu hana budi kupiga watu virungu. Kati ya Likoni na ukimya wetu kulikuwa na nafasi kubwa. Nchi ingeweza kuacha soko la Buguruni wazi na papo hapo kutangaza kila wiki idadi ya waliolazwa. Ingeweza kukataa kafyu na kununua mitungi ya oksijeni. Ingeweza kumwambia kijana aendelee na bodaboda yake lakini asimpelekee babu yake mafua kijijini wakati wa Krismasi, kwa kuwa wagonjwa wameongezeka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji askari.

Nimesema nakubali kwamba Kenya ilifanya maovu. Tujiulize basi tunayajuaje. Tunayajua kwa sababu Kenya ilikuwa inahesabu na inasema. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisimama mbele ya kamera siku baada ya siku akisoma tarakimu, na kila aliyezisikia aliweza kuuliza kama kafyu inasaidia au inatesa tu. Chama cha Wanasheria cha Kenya kilikwenda mahakamani, na Aprili 2020 Jaji Weldon Korir akaamua kwamba polisi walivunja katiba kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Waandishi walifukua ununuzi wa vifaa tiba uliofanywa na mamlaka ya KEMSA, mabilioni ya shilingi yaliyokuwa yakiliwa huku wahudumu wa afya wakidai barakoa, na Mkaguzi Mkuu akafuata nyayo. Serikali ya Kenya ilikosea hadharani, ikashitakiwa hadharani. Makosa yetu hayana kesi kwa sababu hayana kumbukumbu. Halafu tunasimama kuwahukumu Wakenya kwa ushahidi ambao wao wenyewe walitupa, tukijiona wasafi kwa ushahidi ambao sisi tuliukataa.

3. "Uchumi ulinusurika"

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuja 620,867. Anga letu lilifunguliwa tarehe 18 Mei 2020, mapema kuliko wengi, na bado zaidi ya nusu ya watalii hawakuja. Waongoza watalii wa Arusha na Moshi, wapagazi wa Kilimanjaro, wapishi wa hoteli za Nungwi walikaa nyumbani bila amri ya kufungiwa na mtu. Ukuaji wa uchumi ulishuka kutoka asilimia 7.0 hadi 4.8 kwa hesabu zetu wenyewe, na Benki ya Dunia ilikadiria asilimia 2 tu.

Kilichotubeba kwa sehemu kubwa ni dhahabu. Mwaka ule bei yake duniani ilipanda hadi kuvuka dola 2,000 kwa wakia, na mauzo yetu ya nje ya dhahabu yakakaribia dola bilioni 3. Bei ya mafuta nayo ilishuka, na sisi ni waagizaji wa mafuta. Bahati ya namna hiyo ni njema, lakini haikutokana na kunyamaza. Geita ingechimba kiasi kile kile hata kama wizara ingetangaza wagonjwa kila Ijumaa.

Ukimya wenyewe ulikuwa na bei, na waliolipa ni madereva wa malori. Kwa kuwa majirani hawakuwa na tarakimu zetu, walianza kutupima wao. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma. Siku chache baadaye Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, na madereva wa mizigo wakawa hawapiti bila majibu ya vipimo. Malori yalipanga foleni Namanga na Holili. Wakuu wa mikoa ya mpakani upande wetu wakajibu kwa kuyazuia malori ya Kenya. Madereva walilala chini ya matela kwa siku nyingi, wakila akiba yao, kwa sababu serikali mbili hazikuweza kuaminiana juu ya karatasi ya maabara.

Mwaka uliofuata ikawa fedheha zaidi. Januari 2021 Uingereza ilituweka kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawaruhusiwi kuingia. Februari, Waziri wa Afya wa Oman alisema kwamba asilimia 18 ya wasafiri waliofika huko kutoka Tanzania walikutwa na virusi, na Oman ikatuzuia. Fikiria maana yake kwa familia za Unguja na Pemba zenye ndugu Muscat, watu wanaopigiana simu kila Ijumaa na kutumiana fedha za ada na za matibabu. Ndugu wa Muscat alijua hali ya Zanzibar kuliko aliye Zanzibar. Wiki chache baadaye wanasayansi walieleza kwamba Angola ilikuwa imepata kwa wasafiri watatu kutoka Tanzania aina ya kirusi iliyobadilika mno. Habari za ugonjwa wetu tuliletewa kutoka Muscat na Luanda, sisi tulioambiwa tangu Juni 2020 kwamba nchi haina korona.

Na kuna deni. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25, karibu shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19 na athari zake. Sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000, mengi ya shule za sekondari, na wazazi tuliyafurahia. Lakini huwezi kusema kwa pumzi moja kwamba korona haikutugharimu kitu na kwamba tulikopa trilioni 1.3 kwa sababu ya korona. Watoto wanaosoma katika madarasa hayo ndio watakaolipa mkopo huo, na hakuna mtaala unaowaambia kilichotokea hadi ukachukuliwa.

4. "Kila mtu aliachwa aamue mwenyewe"

Hili linaniumiza kuliko mengine, kwa sababu linatumia uhuru kuhalalisha kinyume chake.

Mtu huamua kwa kile anachokijua. Aprili 2020 leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi ilisitishwa kwa miezi sita, na faini ya shilingi milioni 5 juu yake, kwa sababu ya picha ya Rais akinunua samaki. Julai mwaka huo zilitoka kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari au wa kuambukiza, nchini au kwingineko, bila idhini ya mamlaka husika. Yaani mtu mwenye blogu Iringa aliyeona misiba imezidi mtaani kwake alihitaji kibali cha kulisema hilo. Mei 2020 ubalozi wa Marekani uliwaonya raia wake kwamba hospitali nyingi za Dar es Salaam zimeelemewa. Raia wa Marekani waliokuwa Masaki wakapata onyo. Mkazi wa Manzese hakupata, na kama angelisambaza angekuwa matatani.

Uhuru gani huo? Mwenye mapafu mabovu aliyekwenda kwenye harusi Januari 2021 hakuamua kukabiliana na hatari. Hakujulishwa kwamba ipo. Mwalimu mstaafu mwenye kisukari aliyekaa kanisani saa tatu bila barakoa hakuchagua imani badala ya tahadhari. Tangu Machi 2020 alikuwa amesikia kutoka madhabahuni, kwa sauti ya mkuu wa nchi, kwamba ugonjwa huo ni wa kishetani na hauwezi kuishi ndani ya mwili wa Kristo. Sali, ndiyo. Mimi nasali. Lakini Wakristo na Waislamu wa nchi hii wamekuwa wakisali na kumeza dawa za malaria kwa miaka yote, na hakuna askofu wala sheikhe aliyewaambia wachague moja.

Waliobanwa zaidi walikuwa madaktari na wauguzi. Mhudumu wa wodi alijua anachokiona. Alijua ni vitanda vingapi vina mtu anayehema kwa shida, na mtungi wa oksijeni unabaki na saa ngapi. Hakuwa na ruhusa ya kuuita ugonjwa kwa jina lake, kwa hiyo hakuweza kuandika ombi la vifaa vya kujikingia nao. Familia iliambiwa ni nimonia, ikarudi nyumbani kuuguza wengine kama watu wanaouguza nimonia, wote chumba kimoja, madirisha yamefungwa ili baridi isiingie. Anayesema kwamba kila mtu aliamua mwenyewe aniambie familia hiyo iliamua nini.

Ni kweli kwamba tarehe 21 Februari 2021 Rais mwenyewe aliwahimiza wananchi kuvaa barakoa, hasa zilizotengenezwa nchini. Ilikuwa imechelewa, na hata siku hiyo hakutoa idadi.

5. "Chanjo hatukuihitaji"

Nitapita haraka hapa, kwa sababu mgongano unajionyesha wenyewe.

Nchi hii kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zile zinazofanya vizuri Afrika kwa chanjo za watoto. Mama wa Kitanzania humbeba mtoto mgongoni kilomita kadhaa kwenda kliniki na kadi mkononi, kwa sababu anakumbuka surua ilivyokuwa ikimaliza watoto. Imani hiyo ilijengwa na manesi kwa vizazi. Tarehe 27 Januari 2021, tena Chato, Rais Magufuli aliiambia nchi kwamba chanjo za kigeni hazifai, na kwamba wazungu wangekuwa na uwezo wangekwisha kupata ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Siku chache baadaye Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, aliwaonyesha waandishi wa habari namna ya kutengeneza kinywaji cha tangawizi, vitunguu na ndimu, akasema wizara haina mpango wa kupokea chanjo. Miezi sita baadaye, tarehe 24 Julai, dozi 1,058,400 zilishuka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na waziri yule yule akawa anawabembeleza wananchi wachanjwe. Rais mpya, Samia Suluhu Hassan, alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai, na bado dozi hizo zilisuasua kuisha. Watu walikuwa wametii kile walichofundishwa mwanzo wa mwaka. Wahudumu wa afya wakalazimika kupita nyumba kwa nyumba kujieleza kwa maneno ambayo hawakuyasema wao.

Na hofu haichagui chanjo. Mama aliyesikia kwamba sindano ya wazungu ina hila hakuambiwa kwamba ile ya polio ni tofauti.

6. "Yamepita, tugange yajayo"

Yajayo yamekwisha kufika mara mbili.

Machi 2023, homa ya Marburg ilizuka Kagera. Serikali ilitangaza tarehe 21 Machi, ikataja ugonjwa, ikataja mahali, ikafuatilia waliokutana na wagonjwa. Watu tisa waliugua, sita wakafa, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Hakuna aliyefungiwa ndani, uchumi haukuanguka, na Bukoba haikukimbiwa. Huo ni ushahidi wa hapa hapa nyumbani, si wa Ulaya, kwamba kusema ukweli mapema hakuleti maafa tuliyotishiwa.

Januari 2025 Marburg ikarudi mkoa ule ule, Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna watu wanaoshukiwa kuugua na kwamba wanane wamekufa. Jibu la kwanza la wizara yetu lilikuwa kwamba sampuli zimepimwa na hakuna Marburg. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kwamba ipo. Ulipokwisha mwezi Machi, mlipuko ule ulikuwa na wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa. Wote walikufa.

Kati ya tarehe 14 na 20 kuna siku sita. Marburg huambukiza kwa kugusana, kwa kuuguza, kwa kuosha maiti. Katika siku sita familia ya Biharamulo inaweza kuzika mtu na kumuuguza mwingine, na wakati huo jibu rasmi la serikali lilikuwa kwamba hakuna kitu. Desturi ya kukanusha kwanza haikutokea hewani. Ilifundishwa mwaka 2020, ikasifiwa, na bado inasifiwa kila mtu anaposema kwamba tulifanya vizuri kuliko wote. Ofisa anayesikia sifa hizo kila siku atajifunza nini kuhusu ripoti ya vifo inayofika mezani kwake asubuhi?

Kwa hiyo sitaki radhi ya mtu, wala sitaki kumhukumu marehemu Magufuli. Nataka hesabu. Mochwari za hospitali za mikoa zina daftari. RITA, wakala wa usajili, ina rejista za vifo vilivyoandikishwa, hata kama ni pungufu. Makaburi ya Kinondoni na ya manispaa nyingine yana kumbukumbu za vibali vya mazishi. Parokia zina vitabu vya marehemu, misikiti mingi ina wazee wanaokumbuka kila jeneza lililosaliwa. Hospitali zina ankara za mitungi ya oksijeni, mwezi kwa mwezi. Chuo cha Muhimbili na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wana watu wanaojua kulinganisha vifo vya mwaka mmoja na vya miaka iliyotangulia. Kamati ya wataalamu aliyoiunda Rais Samia mwaka 2021 ilikwisha kupendekeza takwimu zitolewe kwa uwazi. Kilichobaki ni kurudi nyuma na kuhesabu, kwa kuanzia na Januari, Februari na Machi 2021.